Jibu Nililompa Shangazi Ajambo

Juzi fundi cherehani jirani yangu hapa Tororo alitia matone mawili ya mafuta kwenye mashine yake, na mimi niliyekuwa nimempelekea sketi ya binti yangu ipunguzwe kiuno nikajikuta nimeketi chini bila kukaribishwa. Ni mafuta mepesi, yana harufu ya chuma na ya taa iliyozimwa sasa hivi, na mtu ambaye hakukulia karibu na cherehani hawezi hata kuyatambua. Fundi akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumweleza.

Wiki hiyohiyo binti yangu alikuwa amekataa kwenda kwenye mafundisho ya Kipaimara. Hakupiga kelele. Watoto wa siku hizi hawapigi kelele. Wanakutolea hukumu huku wanatazama simu. "Mama, mimi siendi," aliniambia. "Hiyo kanisa yenu ndiyo ilimwacha bibi Ajambo akufe bila maombi. Na babu ndiye alimfungia mlango. Mjomba alituambia yote." Mjomba wake ni mdogo wangu, aliyesoma Busitema akarudi na digrii pamoja na mazoea ya kusimulia mambo ya nyumbani kwetu kana kwamba yalitokea kwa watu wengine. Wakati wa mambo hayo alikuwa bado anabebwa mgongoni, lakini anayasimulia vizuri kuliko sisi tuliokuwepo. Nilimwambia binti yangu anyamaze, akanyamaza, na nikabaki na hasira zangu jikoni. Katika hadithi ya mdogo wangu kuna mtu mmoja ameachwa nje, na mtu huyo ni mimi.

Basi nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokariri katekisimu kabla ya kujifunza kuendesha baiskeli. Wadogo zetu hawawezi kuelewa jinsi mtoto wa miaka tisa alivyoweza kujua mengi namna ile na bado akawa mjinga.

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu, kanisa dogo la kijiji, huko Buhehe. Padre alitufikia mara moja kwa mwezi, kwa pikipiki, kama mvua haikuharibu njia. Majuma mengine yote Baba ndiye aliyekuwa kila kitu. Aligonga rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu, akaongoza sala, akazika, akapatanisha wagomvi, halafu akarudi kupalilia muhogo wake kama watu wengine. Watu walimwita Mwalimu. Malipo yake yalikuwa sabuni na shukrani, na shukrani hazikuja kila mwezi.

Kila Jumamosi asubuhi alitufundisha sisi tuliokuwa tunajiandaa kwa Komunyo ya kwanza. Tuliketi chini kanisani, kwenye sakafu iliyosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, Baba akasoma swali, nasi tukaliimba jibu kwa pamoja mpaka likaingia mwilini lisitoke tena. Masomo yalifuatana kama yalivyo kitabuni na Baba hakuruka hata moja. Alisema kuruka somo ni kupanda mbegu mahali usipolima. Mwaka wangu, mvua kubwa zilitukuta kwenye masomo ya dhambi: dhambi ndogo, dhambi kubwa, dhambi ya mauti. Tulikaa humo majuma mengi. Na mimi, niseme ukweli, niliyapenda. Nilikuwa wa kwanza darasani. Wengine waliposahau, Baba alinitazama tu, nami nikalimaliza jibu bila kupumua. Sijawahi tena kuwa hodari hivyo katika jambo lolote.

Shangazi Ajambo alikuwa dada pekee wa Baba. Alishona nguo mjini Busia, kwenye kibaraza kando ya barabara inayokwenda mpakani, na magauni meupe ya Komunyo ya vigango vyetu vyote yalipita chini ya sindano yake. Yeye mwenyewe hakupokea Komunyo. Mume wake, fundi wa baiskeli za boda, alikuwa amefunga ndoa kanisani na mke mwingine upande wa Kenya, na mke huyo alikuwa hai, mzima, analima. Kwa hiyo Shangazi alikuwa wa pili, bila pete na bila ng'ombe wa mahari. Alipokuja kwetu Jumapili ya Padre, wakati wa Komunyo alibaki kwenye benchi na kupindisha magoti pembeni ili wengine wapite. Alifanya hivyo kwa adabu, kama mwenye nyumba anayewapisha wageni.

Baba alimwendea kila Jumanne na chupa ya maziwa. Hakuingia ndani kamwe. Alikaa kibarazani juu ya kigoda, na akipewa chakula alisema ameshiba. Mimi niliamini haingii kwa sababu dhambi ilikuwa ndani ya nyumba ile, labda nyuma ya pazia la chumba cha kulala, na nilipotumwa humo kuchukua mkasi nilibana pumzi. Miaka mingi baadaye mama yangu alinicheka mpaka akashika mbavu. Baba hakuingia kwa sababu ng'ombe hawakuwa wameletwa, na kwetu huwezi kula nyumbani kwa shemeji ambaye hajaleta hata mbuzi. Hata asiye na dini angekaa palepale kwenye kigoda.

Mafundi wa baiskeli waliofanya kazi jirani walimtania Baba. Namkumbuka mmoja, mikono myeusi kwa grisi, akimwambia, "Mwalimu, andika hii dada yako jina, apokee na wenzake. Nani naangalia sasa? Dunia nabadilika."

"Nabadilika, naona," Baba akasema.

"Sasa wewe nangojea nini?"

"Hiyo kitabu si mimi niliandika, ndugu yangu. Ningeandika mimi, Ajambo angekuwa wa kwanza kwa laini." Alikuwa anacheka, lakini kicheko kiliisha mapema. "Sasa watu wote wakimdanganya, na mimi nikimdanganya, nani atabaki wa kumwambia kweli?"

Shangazi aliendelea kukanyaga cherehani. "Ndugu yangu iko kichwa ngumu," akasema, "lakini hajawahi kunidanganya." Alisema hivyo kwa kujivunia, na mafundi wakarudi kwenye minyororo yao.

Mwaka huo Shangazi akaanza kukonda. Ugonjwa huo mnaujua. Uliingia kila nyumba ya mpakani na hakuna aliyeutaja kwa jina. Mashavu yalikwisha, macho yakabaki makubwa. Miguu yake iliposhindwa kukanyaga, mume wake alifunga kazi mapema, akaketi sakafuni chini ya cherehani, akawa analisukuma kanyagio kwa mikono huku yeye anaongoza kitambaa. Waliongea taratibu, wakati mwingine wakacheka. Mimi niliwatazama na kuwaza kwamba ni watu wawili walio katika dhambi ya mauti. Ndivyo nilivyokuwa.

Jumamosi baada ya mafundisho nilipakiwa kwenye baiskeli ya boda kwenda kumchotea maji na kumfagilia. Jumamosi moja alinisimamisha kwenye kigoda anipime gauni langu. Mume wake alikuwa amevuka kutafuta dawa upande wa pili, na kibarazani tulikuwa wawili tu. Shangazi alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

"Wewe mama, dini nasoma vizuri?"

"Ndiyo, Shangazi. Mimi ndiye wa kwanza."

"Nasikia. Baba yako najisifu kila Jumanne. Sasa niambie. Mtu kama mimi, hivi tu navyokaa hapa, nikikufa nakwenda wapi?"

Wenzangu, nilifurahi. Hilo ndilo ambalo sijapata kumwambia mtu. Nilikuwa nimeulizwa swali ninalolijua. Nilinyoosha mikono kando ya mwili kama tulivyofundishwa, nikatoa jibu zima kwa wimbo wake: anayekufa katika dhambi ya mauti hutengwa na Mungu, huenda motoni, na huko hakuna kutoka. Kisha nikaongeza kwa maneno yangu, kwa kuwa nilitaka kumsaidia, kwamba kukaa na mume wa mtu ni mojawapo ya dhambi hizo.

"Hakuna kutoka," akasema Shangazi.

"Hakuna. Ni milele."

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Umesoma vizuri," akasema, akanigeuza, akaendelea kupima mgongo. Vidole vyake vilikuwa baridi na vilinuka yale mafuta. Njiani nikirudi nilimsimulia hata mwenye boda kwamba leo nimemfundisha shangazi yangu dini.

Haikupita muda Shangazi akashindwa kuketi. Baba alipanda baiskeli mpaka parokiani, akarudi, kesho yake akaenda tena. Alizungumza pia na mume wa Shangazi, kando, karibu na rundo la tairi kuukuu. Sikusikia Baba alichosema, ila nilisikia alichojibiwa. "Mimi sina neno, Mwalimu," yule fundi alisema. "Nikilala huku kwa kazi ndiyo apewe Komunyo, nitalala huku. Mpeni kitu yeye nataka." Jioni hiyo alitandika magunia kwenye kibanda chake cha kutengenezea baiskeli. Mchana alirudi kumgeuza mgonjwa na kumwosha, kisha akatoka.

Padre akaja. Alikuwa Mjapadhola wa upande wa Tororo, mnene, mwenye sauti ndogo, na alizima pikipiki mbali ili asimsumbue mgonjwa. Siku hiyo Baba aliingia ndani ya ile nyumba kwa mara ya kwanza, ng'ombe au hakuna ng'ombe. Mimi nilisimama mlangoni na jagi la maji, nikishangaa. Kwa jinsi nilivyoelewa, Baba alikuwa anajaribu kumpitisha dada yake kwa njia ya panya, kama watu wanavyopitisha sukari mpakani wakati askari wanakunywa chai. Mwalimu wangu mwenyewe. Nilimwonea aibu.

"Ajambo," Baba akasema, "Padre huyu hapa. Atasikia maungamo yako, akupake mafuta, akupe Komunyo."

Shangazi hakufumbua macho. "Padre arudi," akasema. "Asipoteze mafuta yake."

"Si kupoteza, mama," Padre akasema. "Kwa watu kama wewe ndiyo nakuja."

"Mimi najua pahali nakwenda, Padre. Nilishaambiwa."

"Nani alikuambia?" Baba akauliza.

Hapo Shangazi akafumbua macho. Yalipita usoni kwa Baba, yakaja mlangoni, yakakaa kwangu. Nilidhani ananitazama kwa sababu sisi wawili ndio tuliolijua jibu. Halafu akamrudia kaka yake.

"Wewe si ndiye mwalimu?" akasema. "Hujawahi kunidanganya, ndugu yangu." Akageukia ukutani.

Baba aliketi sakafuni palepale alipokuwa amesimama. Padre alikaa mpaka alasiri, akamsemesha mara mbili tatu, akajibiwa kwa mgongo. Alimweleza Baba kwa upole kwamba hawezi kumpaka mafuta mtu anayekataa, akasema atarudi kesho. Kesho yake akarudi, ikawa vilevile. Siku iliyofuata, saa sita mchana, mume wa Shangazi alitoka kibarazani na beseni mikononi, na mafundi wote wakaacha kazi.

Kwa kuwa ng'ombe hawakuletwa, Shangazi alirudishwa kwetu Buhehe, akazikwa pembeni mwa shamba la Baba. Mume wake alikuja akasimama nyuma kabisa, kama mpita njia. Kaburini Baba hakuvaa kanzu yake nyeupe. Aliiacha kwenye msumari kanisani. Padre alikuwa amemruhusu kuongoza sala, ila yeye alisema siku hiyo si mwalimu wa mtu. Alisimama kati ya wafiwa, kichwa wazi, akashika rozari, nasi tukasali matendo yote matano kwa sauti. Lakini watu waliona kanzu haipo. Wakaenda kusema Mwalimu amekataa kumzika dada yake, na hadithi hiyo ndiyo iliyozunguka mpaka ikamfikia mdogo wangu.

Mvua zilipokatika, masomo ya dhambi nayo yakaisha, tukaingia kwenye sakramenti. Jumamosi moja Baba alifungua kitabu, akakitazama muda mrefu, akasoma swali: ni nani anayeweza kupewa mpako wa wagonjwa? Jibu lilikuwa fupi. Mgonjwa yeyote mbatizwa aliye katika hatari, hata awe ameishi mbali na Kanisa miaka yote, mradi ajute. Darasa likaanza kuliimba. Tuliliimba mara nne, tano, na mara ya tatu ndipo maneno yakaanza kuniingia kichwani badala ya mwilini. Nilitazama kitabu mkononi mwa Baba. Somo hilo lilikuwa humo siku zote, kurasa chache tu mbele ya tulipokuwa tumefika.

Mwenzangu mmoja akasahau, na Baba akanitazama kama kawaida yake, nilimalizie. Sikuweza kufungua mdomo. Alisubiri, macho yake mekundu, kisha akasema, "Wiki hii hukusoma," akamwuliza mwingine. Alidhani ni huzuni ya msiba. Alinihurumia, na huruma ile iliniumiza kuliko kama angenichapa.

Kabla ya Komunyo tuliungama kwa mara ya kwanza, kwa Padre yuleyule. Nilipiga magoti nikiwa nimepitia amri zote kumi, nikitafuta mahali pa kuliweka lile jambo. Sikuiba. Sikusema uongo. Nilikuwa nimejibu sawasawa, neno kwa neno, na mwalimu wangu angenipa alama zote. Nikamwambia Padre kwamba nililamba sukari ya mama bila ruhusa. Akanipa Baba Yetu mara tatu. Siku ya Komunyo nilivaa gauni la Shangazi, ambalo upindo wake alimalizia mtu mwingine kwa uzi mnene, na kila nilipopiga hatua uliparuza mashavu ya miguu yangu.

Wengi wa rika letu wameacha kusali, nawajua, tunaonana harusini na matangani. Wanasema dini ilikuwa ya kututisha tu. Kigango chetu siku hizi kina watoto wanne wa mafundisho, na katekista mpya anawabembeleza kwa peremende. Nikiwasikia wenzangu wakicheka, hasira zinanipanda, nataka kuwaambia kwamba mliacha njiani, mlisoma nusu ya kitabu kama mimi nilivyosoma nusu, na mtu mwenye nusu ya kitabu ni hatari kuliko asiyejua kusoma. Nataka kuwaambia kwamba katika mji mzima wa Busia, ambako kila mtu alimpa Shangazi ruhusa ya kila kitu, ni watu wazima wawili tu waliokuwa wanakuja kumwona: mwanamume aliyemweka dhambini, na kaka aliyemnyima Komunyo. Waliosema "nani anaangalia" hawakuja kuangalia.

Lakini sisemi. Ningesema, ningelazimika kusema yote, pamoja na mambo ambayo sina hakika nayo. Hata kama ningekuwa nimefika kwenye somo lile, hata kama ningemjibu vizuri, bado yule fundi angefukuzwa kulala juu ya magunia, mtu aliyekuwa anaisukuma cherehani kwa mikono yake. Naamini mafundisho ya Baba. Naamini hata yale magumu. Ila lile beseni bado naliona.

Nilipata nafasi moja tu ya kulisema lile jambo mahali panapostahili. Baba alikuwa mzee na mgonjwa, hatembei tena, na mimi nilikuwa nimetoka Tororo kumwuguza majuma machache. Ilikuwa asubuhi. Tuliketi nje ya nyumba na nilikuwa namkata kucha kwa wembe, polepole, nisimkate ngozi. Nilikuwa nimemaliza mkono mmoja.

"Wewe ndiye ulikuwa nakwenda kwa Ajambo kila Jumamosi," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Aliwahi kukuambia kwa nini alimkataa Padre?"

Uso wake haukuwa wa mtu anayepiga soga. Alikuwa amelibeba swali lile tangu siku aliyoketi sakafuni, na alikuwa amesubiri mpaka nguvu za kusubiri zikamwishia. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi kuliko jibu lolote alilonifundisha.

"Hapana, Baba," nikasema. "Hakuniambia kitu."

Aliutazama mkono wangu ulioshika wembe.

"Basi ni mimi," akasema. "Nilifikiri labda kuna kitu ingine."

Nikauchukua mkono wake wa pili, nikaendelea kumkata kucha.